Embe, Nzi na Cheti

Jina la Mwembe Tayari lilitokana na mti. Wazee wetu husimulia kwamba chini ya mwembe uliokuwa hapa ndipo wapagazi wa misafara ya bara walipokutanika, mizigo ikafungwa na kupimwa, na kila mtu alipokuwa tayari wakashika njia. Mwembe wenyewe haupo tena, lakini desturi ya mahali haijabadilika. Bado ni hapa wasafiri hufunga mizigo yao, mabasi ya Malindi, Lamu, Tanga na Dar es Salaam yakinguruma kandokando. Na bado ni hapa, msimu wa maembe unapowadia, mama wa nyumbani huinua ngowe kutoka kwenye meza ya muuzaji, akaligeuza mara mbili tatu, akalibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, akatafuta kitobo.

Kitobo hicho, kidogo kama ncha ya sindano, ndicho tunachotaka kukizungumzia juma hili. Ndicho kilichoyafungia maembe ya Kenya soko la Ulaya kwa muda wa miaka saba. Ndicho pia kinachosababisha sanduku la binti yetu aendaye masomoni ng'ambo lifunguliwe uwanja wa ndege, na matunda aliyofungiwa na mama yake yakatupwa mbele ya macho yake. Wengi wetu huona jambo hili kuwa ni usumbufu wa maafisa. Tunaomba subira ya msomaji, kwani habari hii ina mizizi mirefu, na sehemu kubwa ya mizizi hiyo imo katika nyua zetu wenyewe.

Aliyetoboa embe ni nzi wa matunda. Tusimchanganye na nzi wa jikoni, wala na vile vijidudu vinavyoelea juu ya ndizi zilizoiva sana. Huyu ana mwili wa rangi ya kahawia na manjano, na kiuno chembamba mithili ya nyigu. Jike hutoboa ganda la tunda likiwa bado mtini, akaingiza mayai chini yake. Baada ya siku chache mayai hugeuka funza, funza wakala nyama ya embe kutoka ndani, na tunda likaanguka. Hapo funza hutoka, wakajifukia katika udongo, vidole viwili vitatu tu kwenda chini, na muda si mrefu wakachomoza nzi wapya. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake. Wala hachagui embe peke yake: mpera humfaa, mchungwa humfaa, na hata mkungu ule unaotutilia kivuli barazani, ambao watoto hupasua kungu zake kwa mawe, ni nyumba yake kamili.

Nzi huyu si mwenyeji. Watafiti walimgundua hapa hapa pwani ya Kenya mwaka 2003, na kabla ya hapo hakuwa amejulikana katika bara la Afrika. Asili yake ni Asia. Wale wa kwanza walilinganishwa na nzi wa Sri Lanka wakaonekana ni ndugu. Mwaka 2005 alipewa jina la kitaalamu lenye maana ya mvamizi, ingawa miaka kumi baadaye ilibainika kwamba ni yule yule nzi wa matunda wa Mashariki aliyekwisha kujulikana zamani. Katika miaka michache tu alikuwa amekwisha kuvuka bara zima hadi Afrika Magharibi. Bahari haivuki kwa mbawa zake; huivuka ndani ya tunda, na tunda hubebwa na mtu. Huenda likawa katika kontena, huenda likawa katika shehena ya chombo, na huenda likawa katika mkoba wa abiria mwenye nia njema aliyetaka kuwaonjesha jamaa zake ladha ya ugenini.

Pwani yetu si mara ya kwanza kupokea wageni wa namna hii. Kunguru, au kurabu kama tumwitavyo, naye alivushwa bahari. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa amefika Mombasa. Leo hakuna dirisha la jikoni Mji wa Kale lisilomjua. Mwezi wa Juni mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza azma ya kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Tazama gharama ya ndege aliyeletwa kufagia bure. Na wauzaji wa nafaka wanamjua dumuzi, mdudu mdogo wa kahawia ageuzaye mahindi kuwa unga ndani ya gunia. Huyo asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Alionekana Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akawa amefika Taveta. Wakulima wa Tanzania walimwita Scania, kwa jina la malori makubwa, kwa sababu alikwenda yalikokwenda malori. Hatudhani mtaalamu yeyote amewahi kumpa mdudu jina la kweli zaidi ya hilo.

Kwa hiyo serikali za dunia ziliwekeana mkataba. Mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea ulianza mwaka 1951, na ndio unaotawala hata leo makaratasi yote ya matunda, mbegu na miche. Msingi wake ni mwepesi kueleza: kabla mmea haujatoka katika nchi, mkaguzi wa nchi hiyo autazame, na akiridhika aandike cheti cha afya ya mimea. Kwetu mkaguzi huyo ni wa KEPHIS, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1996 kukagua afya ya mimea, nawe utawakuta bandarini Kilindini, katika viwanja vya ndege na kwenye mipaka. Cheti hicho si risiti ya malipo, kama wengi wadhanivyo. Ni ahadi ambayo serikali moja huiandikia nyingine. Mkaguzi akitia sahihi, nchi nzima imetoa neno lake kwamba ndani ya sanduku lile hamna funza.

Na neno likivunjwa mara nyingi, huaminiwi tena. Hayo ndiyo yaliyotufika mwaka 2014. Shehena za maembe ya Kenya zilikuwa zikikutwa na nzi huyu katika vituo vya Ulaya, na Kenya ikaona heri kujifungia mlango yenyewe kuliko kungoja kufungiwa. Usafirishaji wa maembe kwenda nchi za Umoja wa Ulaya ukasimamishwa, na haukuruhusiwa tena hadi mwaka 2021. Apple na ngowe zikaendelea kwenda nchi za Kiarabu, lakini mwenye mnunuzi mmoja hana sauti ya bei. Aliyeumia zaidi hakuwa msafirishaji mwenye ofisi Nairobi. Aliumia mwenye miti kumi na tano Kilifi, Kwale au Tana River, anayesubiri dalali aje na lori, naye dalali akija ndiye asemaye bei. Embe halingoji. Siku ya tatu baada ya kukataa bei, mkulima huwa anaokota mizoga chini ya miti.

Hapa pana jambo linalotuuma kidogo kulisema. Mlango wa Ulaya ulipofunguliwa, waliotangulia kupita si sisi wa pwani tulioishi na miembe tangu zama za mababu. Walikuwa wakulima wa sehemu kama Makueni, kwa sababu walikubaliana eneo zima kwa pamoja: kutundika mitego, kuhesabu nzi wanaonaswa, kuzoa matunda yaliyoanguka, kupunguza nzi hadi wakaguzi waridhike. Shamba moja safi lililozungukwa na mashamba machafu halifai kitu, maana nzi hajui ua wala hati ya ardhi. Na pwani miembe yetu mingi ni ya urithi. Babu alipanda, wajukuu wametawanyika Mombasa, Nairobi na Maskati, mti hauna wa kuutazama, matunda yanaanguka yakioza, na kila embe linalooza chini ni kitalu cha nzi kwa jirani. Tukilalamika kwamba soko limetukataa, tuikumbuke na miti hiyo.

Turudi kwenye masanduku. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na matunda mabichi, mboga, maua wala mbegu za kupanda bila cheti cha afya ya mimea, hata ikiwa ni embe moja katika mfuko wa mkononi. Yaliyosamehewa ni matunda matano tu: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Kwa hiyo mwenye mtoto Ujerumani au Uholanzi aweza kumfungia nazi kwa wali wake bila wasiwasi, lakini embe bichi la achari, pilipili mbichi na mapera yabaki nyumbani. Achari iliyokwisha kupikwa na kutiwa chupani ni habari nyingine, kwa kuwa hakuna mdudu anayesalia hai ndani yake. Nyama, samli na vitu vya maziwa kutoka nchi zetu havipiti kabisa. Hilo ni kwa ajili ya maradhi ya mifugo, si wadudu wa matunda. Inasikitisha kuona mama aliyekesha akikausha nyama kwa ajili ya mwanawe, kisha nyama hiyo ikaishia katika pipa la uwanja wa ndege. Afadhali ajue kabla ya kuwasha jiko.

Kuingia Kenya nako kuna sheria, na hapa sisi wanawake tuna kesi ya kujibu. Ni nani kati yetu hajapata kurudi kutoka Tanga au Unguja na kijiti cha asumini kimefungwa kwa kitambaa kibichi ndani ya mkoba? Ama mche wa kilua, ama mkadi, ama waridi lililopendeza uani kwa shangazi? Twahesabu kuwa ni ua tu. Kwa sheria ya kulinda mimea, kila mche, kijiti cha kupanda na mbegu iingiayo nchini huhitaji kibali cha KEPHIS kilichochukuliwa kabla ya safari, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi utokayo. Udongo ndio mkali zaidi, kwani kiganja kimoja kilichoshikamana na mizizi chaweza kubeba mayai, minyoo na kuvu wasioonekana kwa macho. Mlionao mipapai mmewaona wale wadudu weupe kama unga uliomwagika juu ya majani, ambao katika miaka ya hivi karibuni wameiua mipapai mingi ya pwani. Nao asili yao ni Amerika ya Kati. Hawakuja kwa lori la mahindi. Wadudu wa aina ile hupenda kusafiri juu ya mche na juu ya tunda.

Kwa Waislamu, wazo la kuzuia kitu au mtu asivuke ili kulinda wengine si geni. Twajua sote mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) juu ya tauni: kwamba wasioifikiwa wasiiendee, na walio ndani yake wasitoke wakaipeleka kwa wengine. Neno karantini lenyewe lilikuja baadaye, kutoka Venice, ambako merikebu zilizuiliwa siku arubaini kabla ya kushusha watu. Arubaini tunaijua na sisi, ingawa kwa sababu nyingine.

Sasa tuingie katika mahindi, maana embe ni la msimu lakini ugali ni wa kila siku. Mapema mwezi wa Machi mwaka 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikieleza kuwa yamepatikana na sumukuvu ipitayo kiasi. Malori yakakwama mipakani, wenzetu wa upande wa pili wakakasirika, na haikupita juma moja zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji ajiandikishe, shehena iwe na cheti cha mahali ilikotoka, na iwe na hati ya kuthibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kiwango hicho hakikuzuliwa siku ile. Ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Lililoleta uchungu ni ghafla yake. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani, zinazotumika tangu mwaka 1995, hukubali kila nchi ijikinge, lakini hutaka kinga hiyo isimame juu ya ushahidi wa kisayansi, isiwe kisingizio cha kufunga soko. Mfanyabiashara mdogo aliyekwisha kulipia magunia yake Tanga hana wakili wa kumtetea juu ya kanuni hiyo.

Hata hivyo sumukuvu yenyewe si kisingizio. Ni sumu itokanayo na kuvu aotaye juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Haina harufu wala ladha ya kukuonya, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 wakafariki. Kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, huharibu ini. Na humfikia hata mtoto anyonyaye, kupitia maziwa ya mama yake. Mahindi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi sehemu 13.5 kwa mia kabla ya kutiwa ghalani. Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono ndani ya chungu ya nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkemea muuzaji kwa udanganyifu ule. Muuzaji alijitetea kuwa ilinyeshewa. Wauzaji wetu wa leo husema hivyo hivyo. Basi tunaponunua, tusitazame juu ya gunia tu. Tutie mkono ndani. Na nyumbani tuchambue: punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu zitupwe, wala zisipelekwe kwa kuku, kwani sumu humdhuru kuku pia.

Tukubali kwamba mzigo wa sheria hizi haukugawanywa sawasawa. Mwenye kontena ana wakala wa forodha. Mama anayeleta machungwa ya Muheza ana simu, mtoto mgongoni, na tunda linaloharibika kwa jua. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka njia nyepesi kwa ajili yake: bidhaa za kilimo zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Kimarekani, zaweza kuvuka bila ushuru kwa hati rahisi ya asili ya bidhaa itolewayo pale pale mpakani, kama Lunga Lunga na Horohoro. Ni jambo jema, na wengi hawalijui. Wasichoambiwa hata wale walijuao ni kwamba hati hiyo haiondoi haja ya cheti cha afya ya mimea. Mtu hufika na hati moja akadhani amekamilika, akazuiliwa kwa kukosa ya pili, na machungwa yakachemka ndani ya gunia. Hapo ndipo anapotokea kijana wa bodaboda ajuaye njia ya kichakani, na sheria iliyokusudiwa kumzuia nzi ikawa imempa barabara yake mwenyewe isiyo na mkaguzi.

Kwa maoni yetu, aliyemsukuma mama yule kichakani ni utaratibu usiomwelekeza mtu. Haki ya mwanamke huyu ni kupata maelezo ya Kiswahili yaliyobandikwa mahali anapopandia basi, hapa Mwembe Tayari, siyo kule mpakani alipokwisha kutumia mtaji wake. Orodha fupi tu ingetosha: kitu gani chahitaji cheti, chapatikana wapi, ada yake ni kiasi gani. Fedha nyingi hutumika kupambana na mdudu akishaingia. Karatasi moja ukutani ingegharimu kiasi gani?

Kabla hatujasahau, neno moja juu ya mbao za paleti, ambazo siku hizi hutengenezewa makochi, vitanda na rafu za jikoni mtaani. Nazo zimo katika sheria hizi, kwa kuwa mbao hubeba wadudu wa miti. Tazama muhuri uliochomwa ubavuni, wenye picha ya shuke la ngano. Ukiona herufi HT, mbao zilikaushwa kwa joto la nyuzi 56 hadi katikati ya ubao kwa dakika 30, na hazina neno. Ukiona MB, zilifukizwa kwa dawa ya sumu. Zisifanywe kitanda cha mtoto, wala zisiwe kuni za kupikia.

Mwenye mwembe, mpera au mkungu uani, kazi yake msimu huu ni ndogo na ya kila asubuhi. Aokote kila tunda lililoanguka kabla jua halijakuwa kali. Asilitupe jaani wala nyuma ya ukuta, kwani funza watatoka huko huko. Alitie katika ndoo yenye kifuniko kinachobana, au gunia la plastiki lisilo na tundu, alifunge na kuliacha juani siku kadhaa mpaka funza wafe kwa joto. Au alifukie chini sana, kwa kina cha mkono hadi kiwiko na zaidi. Na wale siafu wekundu wa mtini tunaowaita maji moto, ambao huwauma wavunaji mpaka wakashuka mbio, wasichomwe moto wala kunyunyiziwa dawa. Nzi wa matunda huchukia kutaga pale wanapopita maji moto. Mwenye kuvuna ajipake majivu mikononi, apande alfajiri kungali na baridi, achume haraka, awaache na mti wao.